Lenzi Inayojua Kungoja

Mimi ni fundi wa nguo. Nashona yunifomu za shule pale Kondele, Kisumu, karibu na steji ya boda boda, na jioni nikifunika cherehani naenda kusoma. Niko fomu tatu na umri wangu umepita arobaini. Darasani kwetu kuna askari wa getini, kuna mama wa mboga, kuna dereva aliyestaafu, na hakuna anayemcheka mwenzake. Naanza na hayo ili mtu akisikia vile nilihangaika kwa sababu ya lenzi ndogo kama rola ya uzi, asidhani nimerukwa na akili. Nilikuwa na sababu. Na nilikuwa na furaha, ile furaha inayomfanya mtu mzima apike sukuma na kusahau chumvi siku mbili mfululizo.

Lenzi hiyo ni ya darubini, na darubini yenyewe niliipata kwa mitumba, upande ule wanauza vyombo na vitu vya watoto kutoka ng'ambo. Nilikuwa natafuta zipu. Nikaona bomba refu jeupe limesimamishwa kati ya kigari cha mtoto na feni mbovu.

"Mama, beba hiyo," muuzaji akasema. "Na hiyo unaona mwizi akiwa bado anafunga mlango kwake."

"Mwizi ananitakia nini? Uzi?"

"Basi angalia mzee wako. Akisema yuko kazini, wewe unachungulia tu."

Wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshainama. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa amemaliza wiki mbili akitufundisha lenzi, anachora mishale ubaoni, mwanga unaingia hapa unakutana pale, na mimi nilikuwa nayanakili yote bila kuamini kwamba siku moja nitayashika. Sasa yalikuwa mbele yangu, yamejaa vumbi. Nikapangusa kioo kwa leso yangu. Kilikuwa kizima.

"Hii si ya wezi," nikamwambia. "Hii ni ya kuangalia kazi ya Mungu."

"Basi Mungu amekuwekea. Chukua kabla sijabadilisha mawazo."

Mguu mmoja wa kisimamio ulikuwa umevunjika, fundi wa mbao akanichongea mwingine. Na ndani ya kamfuko kulikuwa na lenzi moja tu ya jicho, yaani kale kadogo kanakowekwa nyuma, pale mtu anapochungulia. Ilikuwa imeandikwa nambari nne.

Wiki ya kwanza niliangalia mwezi tu. Ya pili nikatafuta Zohali, ile sayari yenye pete. Ilinichukua jioni tatu. Ile ya tatu, sijui mkono wangu uliongozwa na nani, nukta ikaingia ndani ya lenzi, ikatetemeka, na nikaona. Kampira kadogo, na pete imekapitia katikati. Nilipiga kelele. Baba watoto alitoka nje na povu la kunyolea ndevu kidevuni.

"Nini? Nyoka?"

"Iko na pete! Kweli iko na pete!"

"Kwani ulidhani vitabu vinadanganya?"

Kitu kilikuwa kimeshanijia kichwani, na hakikutoka tena. Mama lazima aone hii.

Mama yangu anaishi Ahero. Ni mkulima wa mpunga, na miaka yote nimemjua ni mtu wa macho. Ndege wakitaka kushuka shambani, yeye anawaona kabla hawajawa ndege, wakiwa bado vumbi tu upande wa barabara. Lakini macho hayo yakashikwa na presha, ile ya ndani ya jicho. La kulia lilizimika kabla hatujajua ni nini. La kushoto daktari analishikilia kwa dawa ya matone, na alituambia wazi: dawa inalinda kilichobaki, hairudishi kilichoenda. Kila baada ya miezi miwili namleta kliniki hapa mjini. Mara ya mwisho alikuwa ameniambia, huku anatafuta kikombe chake cha chai kwa mkono, "Siku hizi naona dunia kama mtu anachungulia kwa bomba. Katikati iko, kando hakuna."

Nilipompigia simu kumwambia kuhusu Zohali na pete yake, aliuliza:

"Pete ya kidole?"

"Pete, Mama. Imezunguka. Unaiona kabisa."

"Wewe umeiona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

"Basi nitaiona siku ya kliniki," akasema. "Mimi na bomba tumezoeana. Lakini ufanye haraka, dirisha langu linafungwa."

Akacheka. Mimi sikucheka. Ni yeye alinitoa shule baba alipofariki, kwa sababu kulikuwa na wadogo zangu wanne na yeye alikuwa shambani kutwa. Hajawahi kuniomba msamaha na sijawahi kumdai. Lakini tangu nirudi kusoma, kila akipiga simu anauliza, "Umesoma nini leo?" Namwambia, na najua hanielewi, na yeye anajua najua. Mara hii moja kulikuwa na kitu ninachosoma ambacho angeweza kukiona. Kama jicho lingeshikilia.

Shida ni kwamba Mama halali kwangu. Kwetu mama mzazi halali katika nyumba ya mkwe wake, hata mvua ianguke namna gani. Anakunywa chai, anakula, tunaomba, halafu anaenda kwake. Siku za kliniki anarudi na pikapu ya jirani yake, anayeleta mchele mjini na kurudi na magunia matupu saa moja u nusu. Zohali inaanza kuonekana vizuri kama saa moja na dakika tano hivi. Ukihesabu chai na salamu, nilikuwa na dakika ishirini. Mwezi mmoja na nusu wa kujitayarisha, kwa dakika ishirini.

Nikasema kwanza nijaribu na watu wengine. Alhamisi jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa inasali kwangu. Tulisali rozari, tukamaliza, nikawaambia akina mama watoke uani. Walikuwa saba. Nilikuwa nimeshatega darubini, Zohali imekaa katikati ya lenzi, inang'aa kama kitu kimeoshwa.

"Haya, nani wa kwanza?" nikauliza.

Hapo ndipo nilipokosea. Huwezi kuuliza hivyo akina mama wa jumuiya.

"Mwenyekiti atangulie."

"Hapana, mgeni kwanza. Huyu amehamia juzi."

"Mimi? Wee! Kuna wakubwa hapa."

"Mkubwa ni nani? Mimi si mkubwa."

"Mwenyekiti, kaa, unatuchelewesha!"

Mwenyekiti wetu akakubali. Akavuta kiti, akakaa, akatusalimia upya kama mtu aliyeitwa kusoma somo la kwanza kanisani. "Tumsifu Yesu Kristo." Tukaitikia. Akafanya ishara ya msalaba. Akatoa miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa. Akainama.

"Naona giza," akasema.

"Giza tu?"

"Giza. Lakini ni giza nzuri."

Nikachungulia. Zohali ilikuwa imeshaenda. Nikaitafuta, nikairudisha katikati. Mara hii akainama haraka, lakini miwani yake ikagonga lenzi, darubini ikaruka, ikaangalia paa la jirani. Nikairudisha. Wa pili alipokaa, akalishika bomba kwa mikono miwili, kama vile unamshika mkono mama mkwe ukimsalimia, akalitingisha kwa heshima. Wa tatu aliona. Sekunde tatu hivi. Alisema "Yesu Maria!" akageuka kutuambia ameona nini, na aliporudi, haiko.

"Imekimbia!"

"Umeitia hofu na sauti yako."

"Hii nyota yako ni kama mume wa fulani," mwenyekiti akasema, "ukimgeukia, hayuko."

Tulicheka mpaka jirani akafungua dirisha. Mmoja tu hakucheka. Alikuwa mama mmoja mpole, na aliniuliza kwa sauti ya chini kama haya si mambo ya wale wanaosoma bahati kwa nyota. Nikamwambia hapana. Mimi siziulizi nyota chochote. Naangalia vile Mungu amezipanga, halafu naenda kulala. Akafikiri, akasema, "Basi nionyeshe tena." Na yeye pia hakuona kitu.

Walipoondoka wote walinipa ushauri mmoja: nitafute lenzi yenye nguvu zaidi. Sisi ndivyo tulivyo. Mtu akipewa dawa anauliza kama hakuna ile kali. Na mimi mwenyewe nilikubaliana nao. Nililala nikifikiria nambari tatu, nambari mbili, moja kama iko.

Jumatatu nilimfuata mwalimu wa fizikia kabla hajafuta ubao. Nikamweleza yote, hata ile ya kushika bomba kama mkono. Alicheka akakaa juu ya dawati.

"Mama, lenzi yako ni kali kupita kiasi. Nambari ikiwa ndogo, unakuza sana. Ukikuza sana, unaangalia kipande kidogo sana cha anga. Na dunia inazunguka, haikungoji. Ndiyo maana nyota zinapita mbio. Kwa lenzi yako hiyo, Zohali inavuka dirisha kwa dakika moja. Ukiiweka katikati, umebaki na nusu."

Nusu dakika! Nilisimama pale nikihesabu. Kukaa kwenye kiti. Tumsifu Yesu Kristo. Milele na milele, amina. Ishara ya msalaba. Miwani, kitenge, miwani. Kumbe akina mama hawakuwa wamekosea kitu. Walikuwa wamefanya vile watu wenye adabu wanafanya, na lenzi ndiyo ilikuwa haina adabu.

Nilielewa kama fundi. Kuna siku mteja anakuletea kitambaa chepesi cha kanisani na wewe una sindano nene ya jinzi. Sindano ni nzuri, ni ya nguvu, na inatoboa kitambaa cha watu. Unabadilisha sindano. Hubadilishi kitambaa.

Mwalimu akaniambia kuna mzee huko Maseno anayetengeneza mikroskopu za shule, na ana sanduku la lenzi za kila aina. "Nenda mchana, na uende wakati mwezi uko nusu. Utauona saa kumi jioni, jua likiwa bado kali. Hutahitaji kungoja giza." Sikujua kwamba mwezi unaweza kuangaliwa mchana kwa darubini. Nilitoka darasani natembea kama mtu aliyeambiwa siri.

Jumamosi niliyochagua nilimwachia mwenzangu kibanda, nikafunga darubini kwa blanketi ya mtoto, nikaenda. Kwenye mkoba nilikuwa nimeweka kitu kingine: miwani ya zamani ya Mama, ile nzito aliyobadilishiwa.

Mzee wa mikroskopu alikuwa mtu mwembamba mwenye koti la maabara lililochanika makwapa yote mawili. Aliniuliza kwetu ni wapi, nikasema Ahero.

"Nyar Kano!" akasema, yaani binti wa Kano, ile tambarare ya kwetu Ahero. "Nyinyi watu wa maji ya mafuriko, mmeanza kuangalia juu?"

"Tumechoka kuangalia chini, Mzee."

Alipenda hiyo. Akafungua sanduku juu ya meza ya nje. Lenzi zilikuwa zimelala kwenye pamba kama mayai. Nilitamani kuzishika zote. Mwezi ulikuwa upande wa mashariki, mweupe, hafifu, kama chapa ya kidole kwenye bati. Tukatega. Nikaweka kwanza nambari nne yangu ili ajue ugonjwa. Mashimo ya mwezi yalikuwa makubwa, lakini yanatetemeka kama yako chini ya maji, na yanatembea. Yanaingia upande huu, yanatoka upande ule, kama watu wanashuka basi.

Akanipa nambari kumi. Eh! Mwezi ukatulia. Kingo zikakatika safi kama nimezikata kwa mkasi mpya. Mashimo yakawa na vivuli ndani. Mchana, jua linawaka, kuku wa Mzee wanaparua miguuni mwangu, na mimi naona vivuli vya milima ya mwezini.

"Hiyo ndiyo," Mzee akasema. "Kwa Zohali, chukua hiyo. Picha kubwa, picha safi. Usitafute zaidi."

Nilikuwa karibu kusema ndiyo. Niseme ukweli, mdomo ulikuwa umeshafunguka. Halafu nikakumbuka miwani kwenye mkoba. Nikaivaa, nikainama, ikagonga lenzi. Kashimo ka nambari kumi kalikuwa kadogo na kalitaka jicho lisogee mpaka karibu liguse kioo. Kwa miwani niliona kipande tu, kama mtu anaangalia harusi kwa tundu la kufuli.

"Mzee, kuna ingine?"

"Iko hii nambari kumi na tano. Pana. Lakini picha itakuwa ndogo kidogo, nakuambia mapema."

Ilikuwa nene, kichwa chake kipana, kioo chake kikubwa kama kifungo cha koti. Nikaiweka. Nikainama na miwani ya Mama usoni, mbali kidogo, bila kujibana. Na mwezi wote ukaingia. Wote! Mwezi mzima wa nusu, na anga ya bluu imebaki pande zote, unaelea kama kisahani kwenye beseni. Nilisahau Mzee yuko. Nilisema "Asante Yesu" mara sijui ngapi.

"Sasa umeamua?" akauliza.

"Bado. Mzee, naomba uwe mama yangu."

"Niwe nani?"

Nikamweleza. Akanitazama, akamtazama mke wake aliyekuwa anaanua nguo, mke akasema, "Fanya vile unaambiwa, umekaa bure." Basi nikarudisha nambari kumi, nikaweka shimo moja kubwa la mwezi katikati, nikamwambia Mzee atoke mlangoni mwake kama mgeni. Alitoka. Na alikuwa mwigizaji kweli kweli, huyo mzee. Alikuja polepole, amejishika kiuno. Akanisalimia. Akamsalimia mke wake. Akauliza habari za watoto wangu, mmoja mmoja. Akasalimia kuku.

"Mama yako ni mtu wa maombi?" akauliza kabla ya kukaa.

"Sana."

"Marefu?"

"Anaombea ukoo, Mzee. Anaombea na mpunga."

Akakaa, akafumba macho, akaomba kwa Kijaluo, kwa dhati, mpaka mimi mwenyewe nikainamisha kichwa. Alipofungua macho akainama kwenye nambari kumi. "Shimo lako limefika ukingoni," akasema. "Linatoka. Limetoka. Yawa!"

Tukarudia yote kwa nambari kumi na tano. Salamu, watoto, kuku, maombi. Akainama. Nikangoja.

"Liko?"

"Liko," akasema. Akakaa pale. "Liko tu. Nyar Kano, liko bado." Aliinua kichwa akanitazama kama ni mimi nimemfundisha kitu. "Miaka yote nauza lenzi, nauliza mtu anataka kuona kikubwa kiasi gani. Sijawahi kuuliza ni nani anaangalia."

Hatukubishana sana juu ya malipo. Nilichukua vipimo vya mabega yake pale pale na utepe wangu, nikamshonea makoti mawili mapya ya maabara. Nambari kumi na tano ilirudi nami Kisumu ndani ya soksi safi, kifuani.

Wiki zilizobaki nilifanya mazoezi kila usiku nikitoka darasani, mbingu ikikubali. Hapo nikagundua jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Kwa lenzi hiyo pana, Zohali ilikuwa inachukua zaidi ya dakika tano kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mimi nilikuwa naiweka katikati kwa sababu ndivyo mtu anavyofikiria, kitu kizuri unakiweka katikati. Lakini ukiiweka kwenye ukingo ule inaoingilia, umejipatia safari yote. Mtu anaomba, Zohali inatembea. Akisema amina, inakuja mbele yake yenyewe.

Siku ya kliniki ilifika na mawingu. Daktari alisema jicho halijazidi kuharibika, nikamshukuru Mungu, halafu nikatoka nje nikaona mlima mweusi wa mawingu umekaa juu ya vilima vya Nandi, upande ule ule wa Zohali. Saa kumi na moja kulinyesha. Mama alikaa kwangu anakunywa chai, ametulia, amevaa miwani yake mpya. Mume wangu alimsalimia kwa mbali na kuinamisha kichwa, vile mkwe anatakiwa, halafu akaenda kukaa dukani mpaka mgeni aondoke. Mimi nilikuwa natoka mlangoni na kurudi, natoka na kurudi.

"Kaa chini," Mama akasema. "Unanitia kizunguzungu, na mimi naona nusu tu."

"Mawingu, Mama."

"Ni ya nani, ni yako?"

Saa kumi na mbili na nusu mvua ikakatika. Saa moja kasoro kumi kukaonekana nafasi, kwanza ndogo kama tundu la kiatu, halafu ikapasuka. Mvua ilikuwa imeosha anga yote. Nilimwomba jirani azime taa yake ya nje, kwa sababu wale wadudu wa ziwani wakiona taa wanakuja kama moshi, wanaingia mpaka puani. Akazima. Nikatega. Nikaipata Zohali mara ya kwanza, bila kuhangaika, nikaisogeza hadi ukingo ule inaoingilia.

"Mama, njoo."

Alikuja ameshika ukuta. Akasalimia jirani dirishani, akamuuliza kama watoto wamepona homa. Akakaa. Akaniuliza kama kiti ni kile cha zamani. Hapo pikapu ikapiga honi getini, dakika ishirini kabla ya wakati wake, na sauti ya jirani yake wa Ahero ikaingia uani, "Mama! Barabara imejaa maji huko mbele, twende mapema!"

"Anakuja!" nikajibu kwa sauti iliyokuwa karibu na kulia.

Mama akavua kitambaa cha kichwa, akakiweka magotini, akafumba macho. Akaanza kuomba. Alimshukuru Mungu kwa daktari. Alimshukuru kwa mvua na akaiombea isizidi. Akaombea wadogo zangu wanne, kila mmoja kwa jina na kwa shida yake. Honi ikalia tena. Akamwombea mwenye honi. Mimi nilikuwa nimefumba macho na kufumbua, najua dakika zinapita, nahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo wangu. Mwishoni akasema kitu ambacho sikukitarajia. Alisema, "Na huyu niliyemtoa shule, wewe umemrudisha. Asante." Kisha akasema amina, kama amemaliza kuombea chakula.

Akainama. Miwani haikugonga kitu.

Nilitaka kuuliza na nikajizuia, kwa maana nilijua jicho lake linatafuta katikati yake, pale palipobaki.

"Kuna kitu kinakuja," akasema polepole. "Kinakuja chenyewe."

"Kiko namna gani?"

"Kidogo. Kidogo sana. Ni kama..." Mkono wake ukainuka, vidole vikakusanyika kama anashika punje. "Ni kama punje ya mchele imelala juu ya ungo, na ungo umeuangalia kwa kando. Ero! Hiyo ndiyo pete?"

"Ndiyo pete, Mama."

"Kwa jicho hili langu?"

"Kwa hilo hilo."

Alipiga paja lake kofi moja, akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu niwe msichana, cha kutoka tumboni. Jirani yake wa Ahero alikuwa ameingia uani kumharakisha, funguo mkononi. "Mama, maji yanajaa..."

"Nyamaza, wewe. Naangalia mbinguni."

Na akaendelea kuangalia. Zohali ilimaliza safari yake ndani ya lenzi mbele yake, naye akaifuata mpaka ilipotoka. Hakuomba nimrudishie. Alisimama, akafunga kitambaa chake, akamwambia jirani yake, "Sasa twende, umesimama kufanya nini?"

Nilimshika mkono mpaka getini, nikampandisha pikapu, nikamfunika miguu na gunia kavu. Injini ilikuwa imeshawaka. Akashusha kioo.

"Hiyo pete," akasema. "Imeshikwa na nini isianguke?"

Hatujafika huko darasani. "Sijui, Mama."

"Hujui? Na unaenda shule kila jioni?" Alikuwa anatabasamu, mkono wake umetoka dirishani umenishika kiwiko. "Kesho muulize mwalimu. Usingoje mpaka kliniki. Unipigie."

Pikapu ikaondoka. Nilibaki barabarani kwenye tope, nimevaa ndala, natunga swali kichwani jinsi nitakavyoliuliza, neno kwa neno, mbele ya darasa lote.